Pua ya Darubini

Darubini alikuwa haoni.

Siri hiyo ilikuwa na wenyewe wawili tu: yeye, na daktari wa macho wa mtaa wa nyuma ya soko, ambaye Darubini alimwendea siku moja akiwa amevaa kofia ya kuazima na kujiandikisha kwa jina la mjomba wake marehemu. Daktari alimmulika kwa kitochi, akaguna, akasema, "Mzee, una mtoto wa jicho. Huku na huku." Darubini alikuwa na watoto watano wa halali na hakukumbuka kuomba wa sita wala wa saba. Akauliza wanatolewaje. Akajibiwa kwamba ni upasuaji mdogo tu, jicho moja kwanza, la pili baadaye, na kwamba angepewa barua ya kupeleka kazini. Aliposikia habari ya barua, marehemu mjomba alinyanyuka kitini akatoka nduki, akalipiga kikumbo koti lililotundikwa mlangoni, na akaliomba radhi.

Maana kazi yake ilikuwa ni kutazama. Hakuajiriwa kwa kingine.

Kila mwaka, kwa miezi minne, nyangumi huingia kwenye mkondo ambao boti za abiria hupita, wakija kuzaa na kulea. Mama na mtoto wake hulala juujuu ya maji, mgongo nje kidogo, wametulia kama mikeka. Boti ikimpanda mmoja wao kwa kasi, mnyama anapasuka na boti inapasuka, na abiria waliokuwa wamekaa wakila njugu wanajikuta wamekaa juu ya abiria wengine, wengine wao majini. Kwa hiyo kila boti ilipaswa kuwa na mtazamaji. Mtazamaji akiona kitu, anapiga kelele, anataja upande na umbali, na nahodha anashusha mwendo mpaka maili kumi kwa saa. Darubini aliifanya kazi hiyo miaka kumi na mmoja. Miaka minne ya mwisho aliifanya kwa pua na masikio.

Usicheke. Boti ya zamani waliyoiita Kobe ilikuwa na injini nyuma kabisa, na mwendo wake ulikuwa wa bibi anayerudi msibani. Darubini alisimama omo, mbele kabisa, upepo ukimpiga usoni, na pale palikuwa kimya. Nyangumi akipumua unamsikia: ni sauti ya mtu mnene anayejitupa kwenye kochi la ngozi. Na pumzi yake inanuka. Inanuka samaki aliyesahauliwa kwenye mfuko wa plastiki chini ya kitanda. Darubini akiisikia harufu, anageuza uso huku na huku mpaka ijae puani, kisha ananyoosha kidole na kupaza sauti: "Kulia! Mita mia tatu!" Baharia mwenzake aliyekuwa na macho mazima anakodoa, anakodoa, halafu anaona mgongo unachomoza palepale. "Huyu mzee ni darubini," wakasema. Jina likamganda.

Na mtihani wa macho wa kila mwaka je? Ubao wa herufi wa kampuni ulitundikwa kwenye korido, nje ya chumba cha huduma ya kwanza, mahali ambapo wafanyakazi wote walipanga foleni kuchukua sare. Ulikuwa pale tangu kampuni ianze. Watu walisimama mbele yake nusu saa nzima kila msimu bila cha kusoma kingine. Hakuna baharia asiyeujua kwa moyo. Walikuwa wakiukariri kwa pamoja, mstari wa mwisho wakiuimba kabisa, na mpishi wa boti aliuweza kinyumenyume.

Siku moja tu pua ilimwangusha. Misimu miwili iliyopita alikuwa na mafua, pua imeziba kama mfereji wa sokoni, na upepo ulikuwa unavuma kutoka nyuma. Kobe ikatikisika, dum, kisha injini ikakohoa. Nahodha akamwita kwa redio ya mkononi.

"Shemeji, nini hiyo?"

"Gogo," akajibu Darubini.

Nahodha, ambaye ni mdogo wa mkewe na ndiye mwanamke wa kwanza kushika usukani kwenye gati lile, akaandika "gogo" kwenye kitabu cha safari. Abiria mmoja wa nyuma akauliza mbona maji yamekuwa mekundu. Akaambiwa ni kutu. Darubini alilisikia swali na alilisikia jibu. Tangu siku ile, usingizini, gogo lile lilikuwa linapumua.

Basi ikaja boti mpya. Iliitwa Mshale, na ilikwenda ishirini na nane, zaidi ya mara mbili ya Kobe. Meneja, mtu aliyependa sherehe kuliko bahari, aliwakusanya wafanyakazi ukumbini chini ya ubao wake mwingine mpendwa, ule ulioandikwa SIKU BILA KUGONGA, wenye tarakimu za kubadilisha kwa mkono. Siku ya gogo haikupunguza kitu. Gogo si nyangumi.

"Kwa utumishi uliotukuka," Meneja akasema, "mzee wetu Darubini hatasimama tena juani. Tumemwekea kiti chake ndani, chumba cha usukani, karibu na nahodha. Kiti cha kuzunguka! Kiyoyozi! Vioo pande zote!"

Watu wakapiga makofi. Darubini akapiga hesabu. Vioo pande zote maana yake hakuna upepo. Hakuna upepo, hakuna pua. Na injini za Mshale zilikuwa chini ya sakafu ya chumba chenyewe, ziking'uruma kama mashine tatu za kusaga. Pua imefungwa, masikio yamefungwa, na yaliyobaki ni macho. Meneja alikuwa amemtunukia upofu wake mwenyewe, na juu yake akaongeza kiti cha kuzunguka.

"Mbona unatetemeka, mzee?"

"Furaha," akasema Darubini.

Siku ya kwanza aliamua kwamba afadhali aibu kuliko maiti. Chochote kilichoonekana cheusi kwenye ukungu wa macho yake, alikitangaza. "Kushoto! Mita mia mbili!" Nahodha akashusha mwendo, abiria wakainama mbele kama watu wanaosali. Ikawa boya. "Mbele! Mita mia!" Dumu la plastiki. "Kulia!" Kivuli cha wingu. Mara saba. Mara ya sita ilikuwa taka ya nzi kwenye kioo. Safari ya saa moja ikawa saa mbili na robo, mifuko ya kutapikia ikaisha, na bwana mmoja aliyevaa suti akatapika kwenye kofia yake kwa adabu kubwa, kisha akashindwa aiweke wapi.

"Shemeji," nahodha akasema walipofunga kamba gatini, "leo umetazama mpaka visivyoonekana. Dada amekupa chai ya namna gani?"

"Bahari imechafuka."

"Bahari imetulia kama uji uliopoa. Wewe ndiye umechafuka." Akacheka, lakini kicheko hakikufika machoni, au pengine kilifika, Darubini angejuaje. "Nisikilize. Meneja amenipigia simu tayari. Kuanzia kesho sishushi mwendo mpaka unitajie upande na umbali, na mimi mwenyewe nione. Sawa?"

"Sawa."

Siku ya pili hakusema neno. Alikaa kwenye kiti cha kuzunguka, mikono imeshika magoti, akitazama mbele kwenye maziwa. Ndivyo alivyoiona dunia: maziwa meupe yenye mwanga. Mshale ulikuwa unachana maziwa hayo, na kila mara boti ilipopanda wimbi na kushuka, dum ndogo, moyo wake ulisimama ukasubiri dum kubwa. Alihesabu. Alifika elfu tatu. Shati lake lililoa mgongoni ndani ya kiyoyozi, na nahodha akamuuliza kama ana malaria. Walipofika gatini miguu ilikataa kushuka ngazi, ikabidi ajifanye anafunga kamba za viatu. Alikuwa amevaa ndala.

Mkewe alikuwa fundi cherehani. Chumba chao cha mbele kilikuwa chote kitambaa cha bluu, maana alishona sare za shule, na cherehani ilikaa dirishani ili mwanga umwangukie mkononi. Kila mwezi, siku ya Alhamisi, alivuka na mabunda ya sare kuyapeleka shule za ng'ambo. Siku ya tatu ya Mshale ilikuwa Alhamisi.

Asubuhi hiyo alimkuta mumewe amekaa kitandani amevaa viatu vya kazi visivyolingana, kila kimoja cha jozi yake.

"Baba Watoto, nifungie haya mabunda. Na unitungie uzi kwenye hii sindano, kitufe kimoja kimelegea."

"Mikono ina mafuta."

"Mafuta ya nini? Umekula hewa?" Akamtazama. "Mwezi wa ngapi huu hunitungii uzi?"

"Mama Watoto, usisafiri leo."

"Kwa nini?"

Hapa ndipo maneno yalipofika kooni. Yalikuwa mawili tu: mimi sioni. Mtu akiwa na ulimi na mate ya kutosha anayamaliza kwa pumzi moja. Lakini nyuma ya maneno hayo kulikuwa na barua ya kupeleka kazini, na ubao wa herufi, na kitabu cha safari kilichoandikwa gogo kwa mkono wa mdogo wake huyuhuyu anayemuuliza.

"Bahari itachafuka," akasema.

"Na mdogo wangu ndiye anayeendesha, na mume wangu ndiye anayetazama. Nikiogopa mimi, nani apande?" Akamrushia kamba. "Funga."

Akafunga mabunda, vifundo viwili viwili, kwa kupapasa. Mficha maradhi kilio humuumbua, na Darubini alikuwa akikifunga kilio chake kamba kwa mikono yake.

Mshale uling'oa nanga saa tatu na abiria mia moja na tisini. Mkewe alikaa safu ya mbele kabisa, mabunda miguuni, kwa sababu alitaka kujivunia jamaa zake. Darubini alipanda kwenye kiti chake. Upepo siku hiyo ulikuwa wa mbele, na nahodha alikuwa na furaha, mshale wa mwendo umelala kwenye ishirini na nane, anapiga mluzi.

Wakaingia mkondoni. Darubini akaanza kuhesabu. Alipofika mia nne na kitu, nahodha akaacha kupiga mluzi. Akanusa.

"Shemeji!"

"Nini?"

"Huo ni uungwana kweli? Chumba kidogo hiki, dirisha halifunguki! Ungetoka nje basi!"

"Mimi sijafanya kitu..." akaanza Darubini, na hapo harufu ikamfikia. Ilitoka juu ya kichwa chake, kwenye matundu ya kiyoyozi, ambacho kilivuta hewa yake kutoka mbele ya boti. Samaki aliyesahauliwa kwenye mfuko, chini ya kitanda.

Harufu ilikuwa nzito namna ambayo hakuwahi kuipata hata kwenye Kobe, na upepo ulikuwa wa mbele.

"Punguza," akasema. Sauti haikutoka. "Punguza!"

"Umeona?"

"Punguza mwendo, shemeji!"

"Upande gani? Mimi sioni kitu, jua linanipiga usoni. Umbali?"

"Sijui!"

"Hujui vipi? Juzi umenisimamishia taka ya nzi! Meneja amesema..."

"Ni pumzi yake hiyo! Nimemnusa!"

"Shemeji, umelewa?"

Chini yao injini zilikuwa zinang'uruma na maziwa yalikuwa yanawajia, na katikati ya maziwa yale, safu ya mbele, alikuwa amekaa mkewe na sindano isiyo na uzi. Darubini akasikia mdomo wake ukisema, kwa sauti ndogo ya mtoto aliyekojoa kitandani:

"Mimi sioni. Miaka minne sioni. Uso wako wewe siujui tena, nakutambua kwa kelele. Macho hayapo. Pua ndiyo iliyobaki, na pua inasema yuko mbele yetu. Nakuomba, mwanamke."

Kwa muda wa pumzi moja nahodha alimtazama yeye badala ya bahari. Kisha akavuta mkono wa mwendo kwa mikono miwili.

Mshale ukajikita majini kama punda aliyekataa mzigo. Nyuma mayowe yakapanda, mtoto akalia, bilauri zikaviringika. Halafu injini zikanyamaza, na kimya kikawa kikubwa kupita mayowe. Darubini alifungua mlango wa pembeni kwa kupapasa akatoka kwenye kibaraza chembamba, amekumbatia chuma.

Pfuuuh. Mtu mnene kwenye kochi la ngozi. Karibu mno. Kisha, palepale, nyingine, ndogo, ya haraka: pfu. Wawili. Na boti bado ilikuwa inateleza.

"Kulia!" akapiga kelele. "Kata kulia, polepole! Mtoto yuko kushoto, chini ya omo! Mama yuko nyuma yake!"

Boti ikapinda. Kitu kikasugua ubavu wa kushoto, taratibu, kwa urefu, kama mtu anayepitisha kiganja kwenye ukuta ili ajue njia. Darubini aliusikia msuguo huo kwenye nyayo zake, toka omo mpaka nyuma, na alisubiri dum. Mkojo ulimtoka kidogo. Hakuna sababu ya kuficha. Dum haikuja. Maji mazito yakainuka yakammwagikia usoni, mkia ukapiga, abiria wakapiga ukelele mmoja, halafu pumzi mbili zikasikika tena, safari hii nyuma yao, zikienda mbali. Kubwa. Ndogo.

Waliyumba pale dakika ishirini, injini zimezimwa. Nahodha alikuwa amekaa sakafuni chini ya usukani.

"Ungechelewa hatua sita, nisingemkwepa," akasema. "Sita."

Kisha akauliza, kwa upole kabisa, "Na lile gogo?"

Darubini alikuwa anatazama viatu vyake, ambavyo hakuviona.

Mkewe alikuwa amefika mlangoni, bunda moja bado mkononi, nguo za mbele zimelowa soda ya mtu mwingine. Alikuwa amesikia yote, maana katika mvutano ule nahodha alikuwa ameegemea kitufe cha kipaza sauti, na abiria wote mia moja na tisini walijua sasa kwamba mtazamaji wao ni kipofu. Wanasema alipofika nyumbani hakuongelea macho. Macho ni ugonjwa, ugonjwa haulaumiwi. Alichosema kilikuwa kimoja, na alikisema akiwa ameinamia cherehani:

"Ulijua. Ukanifungia mabunda kamba."

Hakumpikia siku tatu. Siku ya nne alimpeleka mwenyewe kwa daktari wa nyuma ya soko, akamwandikisha kwa jina lake la kweli, na daktari akashangaa jinsi alivyofanana na yule marehemu.

Kazini mambo yalikwenda kama mambo ya kazini yanavyokwenda. Kwenye kitabu cha safari, pale penye sehemu ya "Nani ameona?", nahodha alikuwa ameandika "Amenuswa." Meneja alilisoma neno hilo mara tatu, akalipeleka kwa wakubwa, na wakubwa wakatuma ubao mpya wa herufi. Kati ya wafanyakazi tisa wa Mshale wanne walifeli. Mpishi alisimama mbele ya ubao mpya akaukariri ule wa zamani, kinyumenyume, kwa fahari. Ikaamuliwa kwamba ndani ya mkondo boti zote zitembee mwendo wa kumi msimu mzima, aone mtu asione, na kwamba mtazamaji arudi omo, kwenye upepo. Kiti cha kuzunguka alikichukua Meneja. Ubao wa SIKU BILA KUGONGA ulishushwa ukutani. Nahodha alikuwa ameandika barua fupi ya kukiri habari ya gogo, na akaitia saini yeye na shemeji yake, wa pili akielekezwa pa kuweka kalamu.

Walimsimamisha kazi miezi minane. Alibeba mizigo gatini na plasta jichoni, jicho moja kwanza, la pili baadaye. Siku plasta ya pili ilipotolewa alimwona mkewe, akaona amezeeka, akafanya kosa la kulisema. Kisha akajiona kwenye kioo, akaomba msamaha.

Msimu mpya ulipoanza alifanyiwa mtihani kwenye ubao mpya, akafaulu kwa halali mara ya kwanza baada ya miaka mitano, akarudi omo.

Alidhani hofu imekwisha. Asubuhi ya kwanza mkondoni, mwendo wa kumi, jua nyuma yao, alitazama mbele na kuona mgongo kushoto. Akautangaza. Akaona mwingine kulia. Akaona miwili nyuma ya huo, na pumzi tatu zikipanda kwa mbali kama moshi wa majiko, na mkia, na mtoto amelala juu ya mama yake. Walikuwa kila mahali. Kwa pua alikuwa akiwajua wawili, watatu kwa siku. Miaka minne, boti zimejaa watu, walikuwa wamepita katikati ya umati huu wakila njugu. Akaushika mnyororo wa omo kwa mikono yote miwili.

Na hapo mmoja akapanda karibu, upande wa kushoto, polepole. Mgongoni alikuwa na makovu meupe, sita, yamepangana kwa nafasi sawa kama vidato vya ngazi, kama alama ambazo propela huacha. Kando yake kulikuwa na mtoto.

Darubini akainua redio. Utaratibu ulikuwa uleule: upande, umbali. Ulikuwa umeandikwa kwa rangi nyekundu kwenye ukingo wa omo, mbele ya macho yake, na sasa aliweza kuusoma.

"Shemeji."

"Nakusikia. Umeona au umenusa?"

"Nimeona. Ni lile gogo. Lina mtoto."

Nahodha hakuuliza upande, hakuuliza umbali. Nyuma, chini ya sakafu, Darubini alizisikia injini zikishuka, zikishuka, mpaka zikanyamaza kabisa, na ikabaki pumzi tu, kubwa na ndogo, ikipita ubavuni.